Mwalimu Ambaye Hukuweza Kumtazama

Mpendwa Tusekile, mwenzangu,

Siku tulipokuzika, ndugu za mume wako walisimama mmoja baada ya mwingine kukusifu. Mkubwa wao alisema kwamba tangu ulipoposwa hadi ulipofumba macho, hukuwahi kumtazama baba mkwe wako usoni hata mara moja. Alisema hivyo kwa fahari, na akina mama waliokaa kando ya migomba wakaguna kukubali. Kisha wakaniita mimi, rafiki yako wa shule, niseme machache juu ya ujana wako. Nilisimama. Nikasema ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii, msafi wa mavazi na wa maneno. Nikaketi.

Wewe unajua kwa nini niliketi upesi. Nyuma ya nyumba, upande wa zizi, mzee mwenyewe alikuwa ameketi peke yake, ametupa kisogo kama mila yenu inavyotaka. Yeye naye alijua. Katika watu wote waliokuwapo pale, ni sisi wawili tu tuliojua kwamba sifa uliyopewa mbele ya jeneza haikuwa kweli, au haikuwa kweli yote, au ilikuwa kweli kwa namna ambayo mimi sijaielewa mpaka leo.

Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha Kiswahili, na nimewakataza wanafunzi kuanza insha kabla ya kujua wanataka kusema nini. Leo naanza bila kujua. Naandika waziwazi kwa sababu mzee aliniruhusu nilipomuaga. Jina lake, hata hivyo, sitaliandika. Wewe hukuwahi kulitamka, na barua hii ni yako.

Unakumbuka tulivyokutana? Nyumbani kwetu ni Nyololo, pale barabara kuu inapopita katika misitu ya Mufindi. Wewe ulitoka Rungwe, ukafika Iringa na sanduku la bati na mkungu wa ndizi ambao matroni aliuchukua mlangoni. Tulipangiwa kitanda kimoja cha ghorofa, wewe chini, mimi juu. Maneno yako ya kwanza kwangu yalikuwa haya: "Mhehe, ukiota mbwa usiku, usije ukabweka juu ya kichwa changu." Nikakujibu kwa utani uleule wa makabila kwamba Mnyakyusa aliyenyang'anywa ndizi huanza kutafuna shuka, kwa hiyo nitalala nimezikunja zangu. Ulicheka mpaka kiranja akaja kutunyamazisha. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Tulikuwa na hofu za kila mwanafunzi. Tuliogopa baridi ya alfajiri, tulipokimbia mchakamchaka miguu ikiwa imekufa ganzi. Tuliogopa sketi zilizofuliwa jioni na kukataa kukauka. Tuliogopa Kiingereza cha darasani, ambacho tulikielewa nusu na kukiitikia chote. Tuliogopa jembe, kwa maana juhudi yako shambani iliandikwa kwenye ripoti karibu na alama za Kemia. Na juu ya yote tuliogopa mtihani wa kidato cha nne, ambao walimu walitutajia kama mama anavyomtajia mtoto fisi. Watu wazima huziita hofu hizo ndogo. Nimewasikia wenzangu wengi katika vyumba vya walimu wakiziita hivyo, na kila mara nilikukumbuka wewe.

Muhula wa pili wa kidato cha tatu, aliletwa mwalimu mpya wa Hesabu kutoka Mbeya. Asubuhi ile ilikuwa zamu yako kufuta ubao. Ulikuwa umetupa kisogo, unafuta na kuimba kwa sauti ya chini, wakati mlango ulipofunguliwa na sisi tukasimama. Uligeuka. Dasta likaanguka. Ulivuta sweta juu ya uso wako, ukapita katikati ya madawati kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, ukatokea mlango wa nyuma. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka wala hakuuliza huyo ni nani. Naye alikuwa amegeukia ubao, na kwa muda mrefu hakuandika kitu.

Nilikukuta nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni.

"Tuse, una wazimu?"

"Yule ni baba mkwe wangu."

"Mkwe? Wewe una mume?"

"Sina mume. Nina mkwe."

Nilidhani unanitania. Ukanieleza, huku unabandua maganda ya kuni moja moja. Ulipokuwa darasa la saba, ng'ombe waliletwa kwenu kwa ajili ya kijana wake, aliyekuwa anajifunza ufundi wa magari Mbeya. Kijana mwenyewe ulikuwa umemwona mara mbili, na moja katika hizo alikuwa anapita kwa baiskeli. Lakini siku ng'ombe walipoingia zizini, bibi yako alikuketisha na kukufundisha. Baba mkwe hatazamwi. Jina lake halitajwi. Ukimwona njiani, unaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hupokei kitu mkononi mwake, huketi naye chini ya dari moja. Na yeye vilevile hukukwepa wewe, kwa sababu heshima hiyo ni ya pande mbili.

Nikakuuliza kama ninyi si Wakristo.

"Mchungaji anasema mwiko huo umekwisha," ulinijibu. "Bibi anasema mchungaji hana ng'ombe."

"Na huyu mwalimu alijua kwamba uko hapa?"

"Sasa anajua. Amekiona kisogo changu."

Nilicheka, Tusekile, na wewe ukacheka kidogo. Kisha kicheko kikatukatika, kwa sababu tulikuwa tumekumbuka maneno ya mkuu wa shule. Mama yule alikuwa ametuambia mstarini, na si mara moja, kwamba shule ile haisomeshi wake za watu, na kwamba msichana atakayeposwa afunge sanduku lake kabla ya kufungiwa. Kama ungeeleza kwa nini humtazami mwalimu, ungefukuzwa kwa kuwa na mchumba. Kama usingeeleza, ungefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Kumwandikia baba yako hukuweza, kwa sababu barua zote zilisomwa ofisini kabla ya kutumwa. Na wewe ulitaka kusoma. Katika wasichana wote wa bweni letu, sikumjua aliyetaka kusoma kama wewe, uliyekuwa unajifunza majina ya mifupa ya binadamu huku unapalilia mahindi.

Mwanzoni ulijaribu ugonjwa. Kila siku ya Hesabu ulikwenda kwa nesi ukiwa umejikunja, na nesi akakupa klorokwini, ukaimeza hiyo dawa chungu bila homa yoyote mwilini, masikio yakakuvuma hadi jioni. Baada ya majuma machache nesi alikutazama juu ya miwani yake akasema, "Malaria yako inajua ratiba, mwanangu." Hukurudi tena.

Ndipo ulipohamia nyuma ya Kabula. Unamkumbuka Kabula, binti wa wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia bonde la Usangu? Alikuwa na mabega kama mlango wa kanisa. Ulikaa nyuma yake umeinamisha kichwa, na yeye, bila kujua sababu, alifurahi kuwa ukuta. "Lipa kodi," alikuwa akikuambia. "Nikiugua mimi utajificha wapi, Mnyakyusa?" Hukuweza kutazama ubao wakati mwalimu amesimama mbele yake, kwa hiyo ulinakili kutoka daftari langu. Mimi nilikuwa dhaifu katika Hesabu. Makosa yangu yote yakawa makosa yako.

Sijui ni nani aliyetambua kwanza, wewe au mimi, jambo alilolifanya mwalimu. Alianza kuandika maswali yote ubaoni kwa mara moja, kisha akaenda dirishani. Alisimama pale, mikono nyuma, amelipa kisogo darasa, anatazama vilima na miamba ya Iringa. Alisubiri. Wewe uliinua kichwa juu ya bega la Kabula, ukanakili upesi upesi. Alipokohoa, uliinama, naye akageuka. Wasichana walisema mwalimu yule ana maringo, anapenda kutazama milima kuliko kufundisha. Mimi niliyekuwa nimekaa kando yako niliona watu wawili wakisaidiana bila kuonana, na moyo wangu haukujua ulie au ucheke.

Madaftari hakukupa mkononi. Alimpa kiranja wa darasa ayagawe. Alipoita majina, jina lako aliliruka, akaweka alama tu. Na hapo ndipo balaa ilipoanza, kwa sababu wasichana wa bweni husamehe mambo mengi lakini hawaachi jambo bila maelezo. Nililisikia bombani, tulipokuwa tunachota maji.

"Mbona jina la Tusekile haliitwi?"

"Aitwe ya nini? Kwani mwalimu hamjui?"

"Hata kutazamana hawatazamani."

"Ndiyo dalili. Wanaopendana kweli hawatazamani hadharani. Muulize dada yangu."

Nilitaka kumwaga ndoo yangu juu ya vichwa vyao. Lakini ningesema nini? Heshima yenu, iliyokuwa kubwa kuliko yoyote niliyopata kuiona, kwa macho ya Wahehe na Wabena na Wasukuma ilifanana na hatia. Kwetu Nyololo mtu asiyetaka kukutazama ni mtu aliyekuibia kuku.

Nilikushauri vibaya juma lile, kwa sababu nilikushauri kila siku jambo jingine. Jumatatu nilikuambia uende kwa mkuu useme yote. Jumanne nikakuambia usiende. Jumatano nikasema umtazame mwalimu tu, macho si mkono, hayaachi alama. Ulinitazama kama mtu niliyemwambia avue nguo sokoni. Alhamisi nikasema basi acha shule, uolewe, ufanye amani. Ukageukia ukuta. Nilikuwa msichana aliyezoea kuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na majibu manne na hata moja halikusimama wima.

Kisha mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Wewe unalala juu ya Tusekile," alisema. "Kuna nini kati yake na mwalimu wa Hesabu?"

"Hakuna kitu, mkuu."

"Basi kwa nini hawatazamani? Watu wasio na neno hutazamana."

Nilitazama meza. Nikagundua kwamba natazama meza, nikainua macho haraka, na hilo nalo halikunisaidia.

"Sikiliza, binti. Nikikuta kuna jambo, mmoja ataondoka na basi la jioni na mwingine ataandika maelezo wizarani. Nitakuja kukaa darasani mimi mwenyewe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Nilikuambia wakati wa chakula. Uliweka kijiko chini, ukauliza, "Atakaa wapi?" Nikasema nyuma. Ukasema, "Kabula hawezi kunikinga mbele na nyuma." Hukula tena.

Mkuu alikuja. Aliketi nyuma kabisa na faili lake mapajani, kalamu mkononi. Mwalimu alipoingia na kumwona, nilidhani atasimama kidogo, lakini hakusimama. Alifundisha kama kawaida, sauti yake ikawa kavu kidogo tu. Aliandika swali ubaoni. Macho yangu yakaenda dirishani kabla yake, nikimsubiri. Hakwenda. Alibaki ameshika chaki, akitazama sakafu mbele ya viatu vyake. Kisha akatamka jina lako.

Alilitamka lote, jina lako na la baba yako. "Njoo ubaoni," akasema.

Kabula aligeuka kukutazama. Darasa zima liligeuka. Mimi sikuweza kugeuka. Nilisikia dawati lako likisogea, nikasikia viatu vyako vikipita kando yangu, na nilipoona mgongo wako ukielekea mbele, kichwa kilikuwa kimeinama kama siku zote. Kalamu ya mkuu ilianza kuandika. Ulifika mbele. Mwalimu alinyoosha mkono wenye chaki. Huo nao ulikuwa mwiko, kupokea kitu mkononi mwake, na nilijua, na ninyi wawili mlijua, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna jambo lolote linaloendelea isipokuwa somo la Hesabu.

Uliinua uso. Hukuinua kidogo ukarudisha. Ulimtazama machoni waziwazi, naye akakutazama, kisha ukapokea chaki.

"Ndiyo, mwalimu," ulisema.

Ukaanza kufanya swali lile. Katikati ulikosea, kosa ambalo bila shaka lilitoka kwenye daftari langu. Akasema, "Hapo umekosea. Rudia." Ukafuta kwa kiganja, ukarudia, ukapata. Kabula akapiga makofi, wasichana wakacheka, na nyuma yetu nikasikia faili likifungwa. Mkuu alitoka kabla ya kengele. Hakuniita tena ofisini. Kufikia mwisho wa juma wasichana walikuwa wamepata kisa kingine, cha matroni na dereva wa lori la kuni, nacho kilikuwa kitamu zaidi.

Mchana ule tulikuwa na kazi shambani. Ulilima kama mtu anayechimba kisima. Nilikuacha mpaka ukachoka mwenyewe, ukasimama, ukaegemea mpini.

"Imehesabika?" uliniuliza.

"Nini?"

"Mwiko huvunjika popote ulipo, au nyumbani tu? Kama hakuna mtu wa kwetu aliyeona?"

Nilisema sijui. Nilisema labda Mungu ameona. Ukasema Mungu si mtu wa ukoo wetu, halafu ukaogopa maneno yako mwenyewe ukajiziba mdomo. Baadaye ukaanza kucheka kicheko kibaya, ukasema, "Nimeingia kipindi cha tatu nina mchumba. Nimetoka, sijui." Machozi yalikuwa yanakutoka. Mwalimu wa zamu alipopita, tuliinama wote wawili tukalima.

Kuanzia hapo mwalimu hakwenda tena dirishani. Aliita jina lako kama majina mengine, nawe uliitikia na kumtazama kama sisi wengine tulivyomtazama. Ulihama kutoka nyuma ya Kabula, naye alinuna, akasema amepoteza mpangaji. Hesabu yako ilipanda mpaka mimi nikawa ninayenakili kutoka kwako. Mtu ambaye hakujua angesema mambo yamekwisha vizuri.

Lakini likizo ilikuja. Ulipanda basi la Mbeya kama anayekwenda kusomewa hukumu. Mzee angesema nini kwao? Angesema umemtazama na ng'ombe warudishwe? Baba yako angeyabeba wapi maneno hayo? Nyumbani Nyololo niliyafikiria hayo kila nilipokata kuni. Uliporudi Iringa, nilikuvuta kando kabla hujashusha sanduku.

"Hakusema," uliniambia. "Hakusema kwa mtu yeyote. Ng'ombe wapo. Tulikutana kwenye njia ya kanisani, nikaingia migombani, nikampa mgongo. Alikohoa akapita."

"Kama vile hamjawahi kuonana?"

"Kama vile hatujawahi kuonana."

"Na kesho kwenye kipindi?"

"Nitamtazama. Ni mwalimu."

"Sasa yupi ni wa kweli, Tuse? Wewe wa hapa au wewe wa migombani?"

Uliliinua sanduku, ukasema, "Nishikie upande huo kwanza."

Hivyo ndivyo mlivyoishi hadi tulipomaliza kidato cha nne. Iringa mlikuwa mwalimu na mwanafunzi mbele ya ubao, na Rungwe mlikuwa watu wawili wanaokimbiana njiani. Sikuelewa jinsi mtu mmoja anavyoweza kubeba hayo yote bila kupasuka. Nilidhani ukimaliza shule utaukataa uchumba ule. Hukuukataa. Ulisomea uuguzi, ukaolewa na yule kijana wa baiskeli, ukampenda, na nilikula ndizi za harusi yako. Tangu hapo mzee hakuuona uso wako tena. Chakula chake alipelekewa na watoto. Ulijenga hata njia ya pili nyuma ya nyumba ili msikutane.

Nilikuuliza juu ya siku ile mara moja tu, miaka mingi baadaye, jikoni kwako. Nilisema, "Tuse, ulipomtazama, ulichagua nini?" Ukanijibu, "Geuza ndizi hizo, zinaungua." Nikageuza ndizi.

Wasichana wengi wamekuja mezani kwangu tangu wakati huo, kwa maana nilikuwa mlezi wao katika shule nilizofundisha. Wanasimama wameinamisha uso. Mmoja ana mimba, mwingine ana deni la ada, mwingine hana lolote isipokuwa hofu. Walimu wenzangu walikuwa wepesi kusema, "Inua uso nikuone." Mimi sikulisema neno hilo. Sikujua yule msichana analinda nini kwa kuinama, na sikujua ataacha nini chini akiinuka. Wenzangu walinidhania mkali kwa sababu nilisubiri kimya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa, na nilijifunza kuchanganyikiwa bila kuonyesha.

Sasa nikueleze lililotokea baada ya mazishi yako, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Watu walipoanza kutawanyika, nilizunguka nyuma ya nyumba. Sikuwa na haki ya kwenda, lakini mimi si mkwe wa mtu pale. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakugeuka. "Sauti hiyo ni ya Nyololo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikuwa dhaifu katika Hesabu."

"Nilikuwa dhaifu sana, mwalimu."

Alitikisa kichwa. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikawa natafuta namna ya kuaga. Ndipo aliposema, bado anatazama zizi, "Siku ile nilimwita ubaoni. Nilimvunjia heshima binti wa watu mbele ya wenzake, ili nisifukuzwe kazi. Au ili yeye asifukuzwe shule. Nimejiuliza miaka yote ni lipi lililotangulia, na sijapata. Baadaye kila alipoingia migombani kunipisha, nilisema moyoni: ananikumbusha. Hata njia aliyojenga nyuma ya nyumba, niliijua ilikuwa ya nini. Mtu akikukimbia vizuri namna ile, kuna alichokuwekea moyoni."

Tusekile, nilikuwa nimekwenda kumpa pole. Nilitaka kumwambia kwamba mimi siku zote nilidhani alikuokoa. Lakini mimi si wewe. Halafu nikakumbuka siku tulipoagana kituoni Nyololo, baada ya mtihani wa mwisho. Dereva alikuwa anapiga honi, nami nilikuwa nimeshashuka. Ulitoa kichwa dirishani na kuniambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, kwa sababu sikujua lina thamani kwa nani.

Nikamwambia yeye. Nilimwambia kwamba ulisema hivi: "Nilimwaibisha mzee mbele ya mkuu wake. Nikishaolewa nitamficha uso wangu vizuri kuliko mkwe yeyote wa Rungwe, mpaka asahau."

Ng'ombe mmoja alisimama zizini, akajinyoosha, akalala tena. Watu walikuwa wanaosha sufuria upande wa pili wa nyumba, na mtu alikuwa anaita jina langu kwa sababu basi la Mbeya lilikuwa linasubiri.

"Kumbe naye," alisema mzee.

Akageuka akanitazama, na mimi, mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikainamisha uso.

Sijui kama nilikuwa na haki ya kumpa maneno yako. Hukunituma. Labda ulitaka alale nayo hivyo hivyo, labda ulidhani alikwisha sahau zamani. Nimelitafakari njia nzima kutoka Tukuyu, kupita Chimala, mpaka nikashuka nyumbani, na bado sina hakika. Kama nimekosea, nikemee kwa namna yoyote wanayokemea huko uliko. Kama sikukosea, nisaidie kulala.

Pumzika, mwenzangu. Hapo ulipo hakuna njia ya kumpisha mtu.

Ni mimi, mwenzako wa kitanda cha juu.